Mafurungu ya Bibi Yaliyoona Haya

Leo nimeadhirika. Tena mbele ya wakwe. Tena kwa somo ninalolifundisha mwenyewe!

Nyinyi wa grupu hamjaacha kuniuliza tangu asubuhi: "Mwalimu, picha ya 'baada' iko wapi?" Kweli, saa moja niliwatumia picha ya "kabla". Mafurungu mawili ya Bibi, yale ya fedha ya kuvaa miguuni, yamekaa sandukuni mpaka yamekuwa meusi. Chini yake nikaandika kwa herufi kubwa: KAENI HAPA MUONE KEMIA. Mlikaa. Nawashukuru. Sasa sikilizeni kilichotokea, na kabla hamjaanza kunitumia vile vikatuni vyenu vya kucheka hadi machozi, jueni kwamba sitoki kwenye grupu na sifuti neno.

Kwa wasionijua (kuna wageni watatu walioingizwa jana, karibuni, mmekuja siku nzuri sana), naitwa Rukia, naishi Langoni, nafundisha kemia sekondari. Wiki hii yote nimekuwa na kidato cha nne kwenye metali za mpito. Chuma, shaba, manganisi, kromi, na fedha yenyewe. Ndizo metali ninazozipenda kuliko zote kwa sababu zina rangi na zina vituko. Pamanganeti ya zambarau ukiigusa inakuachia kidole cha kahawia. Chumvi ya shaba ni bluu inayokufanya utake kuilamba (msiilambe). Darasani huwa nasema: "Metali hizi hazijifichi, zitakuonyesha zilipo." Shikeni hapo, maneno hayo yatarudi kunitafuta.

Basi. Mdogo wangu Lali ameoa binti wa kisiwa cha Pate. Leo baada ya alasiri bi arusi anatolewa nje, yaani anapambwa, anaketishwa juu, na wanawake wa mji mzima wanaingia kumtazama kuanzia utosini mpaka kwenye kucha za miguu. Na kwenye miguu ndipo ilipo heshima yetu. Kila bi arusi wa nyumba yetu huvaa mafurungu ya Bibi siku hiyo. Bibi aliyavaa yeye. Mama yake aliyavaa kabla yake. Mimi niliyavaa pia, na bado nina alama kwenye fundo la mguu, maana ni mazito.

Tena kuna jambo moja niwaambie, nalo silisemi sana. Bibi aliuza mapambo yake mengine yote ili mimi nisomee hiyo kemia. Vipuli, kikuba cha dhahabu, vikuku vyote. Haya mawili hakuyauza.

Kwa hiyo nilipoomba niyasafishe mimi, sikuomba kwa mchezo. Nilitaka yang'ae mpaka Bibi aone kwamba vile vikuku havikupotea bure.

Sasa, Bibi ana kanuni zake za kusafisha vyombo. Amezirudia tangu nikiwa na meno ya utotoni. Fedha huogeshwa peke yake, kwa ndimu na majivu na kitambaa laini. Vyombo vya shaba vinaogeshwa baadaye, na maji yake yanamwagwa. Chuma hakikaribii fedha kabisa, hata sindano. Ukimuuliza kwa nini, anakuambia jibu moja tu: fedha huona haya.

(Nilipokuwa mdogo niliamini. Nilipofika chuo nikacheka. Nilipopata ajira nikaanza kuwachekesha wanafunzi nayo. Haya yote yako kwenye rekodi za Mwenyezi Mungu.)

Asubuhi nilipanga kutumia njia ya kisomi: karatasi ya alumini, magadi, maji ya moto, weusi unatoka wenyewe bila jasho. Nikaingia jikoni. Karatasi ya alumini hakuna! Yote imefunika masinia ya mahamri. Nikataka kulibandua sinia moja, shangazi wa upande wa baba akaniangalia jicho moja tu, nikairudisha mikono yangu.

Nikasema sawa. Uani kulikuwa na beseni nililoandaa kwa ajili ya dele la kahawa, lile dele kubwa la shaba. Ndimu zaidi ya ishirini nimezikamua, chumvi nimetia, maji kiasi. Dele likaingia limefubaa, likatoka linang'aa kiasi kwamba niliona pua yangu. Maji yakabaki na rangi ya kijani kwa mbali.

Naomba tusimame kidogo hapa. Maji yamekuwa kijani. Mwalimu wa kemia anayatazama. Kijani ile ni shaba, imetoka kwenye dele na sasa imo majini. Wiki nzima nimesimama mbele ya watoto arubaini nikiwaambia metali hizi zinakuonyesha zilipo. Macho yaliona. Akili ikasema, "Hongera Rukia, maji mazuri haya, usiyamwage."

Kwa sababu gani niyamwage? Ndimu zilizobaki ni za achari. Maji ya tangi yanahesabiwa kwa ndoo siku ya arusi. Nikayatosa mafurungu humo humo.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kamba, anachambua mchele. Ana miaka themanini na ushei, lakini sikio lake linasikia hata unapofikiri.

"Rukia, mai hayo ni yapi?"

"Ni ya ndimu, Bibi."

"Si ndiyo yaloosha dele?"

"Ndiyo, lakini bado yana nguvu."

Akaacha mchele. "Mwanangu, zombo za shaba na zombo za fedha haziogi pamoja. Dele hilo lamimina kahawa ya matanga. Hayo ni ya bi arusi. Yatatahayari."

"Bibi," nikasema kwa ile sauti ya upole ninayoitumia kwa wazazi wa wanafunzi waliofeli, "fedha haina macho. Itaonaje haya?"

Akanitazama. Akarudi kwenye mchele wake. "Haya, mwalimu."

Weusi ulikuwa mkaidi. Ndimu haiuwezi weusi wa fedha, na hilo nalijua. Nikachukua bonge la waya, lile la kusugulia sufuria, nikasugua. Waya wa chuma! Humo humo kwenye maji ya shaba! Nikasugua, nikaona weusi karibu wote umetoka, nikafurahi. Nikasema nayaacha yalowe nikaoge na kuvaa, nikirudi namalizia. Nikalaza bonge la waya juu ya mafurungu, nikafunika beseni kwa sinia tupu, nikaenda zangu nikiimba.

Sikuwa hata nimemaliza kubana mtandio nikasikia hodi. Wakwe! Walisema watakuja saa nne, wamekuja saa tatu. Wanawake sita kutoka Pate wamejipamba, mbele yao Bi Zuhura, mama wa bi arusi. Bi Zuhura hana maneno mengi. Anatazama kitu, halafu anakiondolea thamani.

Tukasalimiana. Tukaulizana hali za waliopo na wasiokuwepo. Kahawa ikaja ndani ya lile dele linalong'aa, wakalisifia, na mimi sifa hunilevya upesi.

"Tumekuya kutwaa mafurungu," akasema Bi Zuhura. "Mwana ataka kuvishwa mapema."

Mtu mwenye akili angesema, "Nipeni dakika mbili," akaenda uani peke yake, akafunua peke yake, akazimia peke yake. Mimi nikasema, "Njooni muone kwa macho yenu!"

Nikawapeleka uani. Wote sita, na wa kwetu kama kumi hivi waliokuwa wakikata vitunguu. Nikasimama nyuma ya beseni lililofunikwa. Na nikatoa somo. Nakiri, nilitoa somo! Nikawaeleza kwamba weusi wa fedha si uchafu, bali ni fedha iliyoshikana na salfa ya hewani. Nikawaeleza juu ya metali za mpito, elektroni zake, rangi zake. Nikasema zamani watu walitumia majivu na imani (hapo nikamtupia Bibi jicho la utani), lakini siku hizi tunatumia elimu. Mwanamke mmoja wa Pate akasema, "Mashaallah." Nikanyanyua sinia.

Mafurungu yalikuwa mekundu.

Sisemi yalikuwa na doa. Sisemi yalififia. Yalikuwa mekundu kwa uwaridi, yote mawili, ndani na nje, rangi ya sufuria ya halua iliyosuguliwa jana. Nikapepesa macho. Yakabaki mekundu. Na juu yake limelala lile bonge la waya, limetulia, na lenyewe limekuwa jekundu.

Bi Zuhura akainama. Akalitoa furungu moja. Akalifuta kwa ncha ya leso yake. Akaligeuza huku na huku. Kisha akasema, polepole, ili hata wa nyumba ya pili wasikie:

"Hini ni shaba."

"Bi Zuhura, subiri nikueleze..."

"Weye umetueleza tayari. Umesugua mpaka rangi ya fedha imetoka. Tini ni shaba." Akamgeukia Bibi, na sauti ikawa ya adabu, jambo lililozidisha ubaya. "Bibi, maarusi wa nyumba hini wote wavishwa shaba iliyopakwa?"

Jamani. Mimi kuchekwa nimezoea, nafundisha vijana. Lakini nilimwona Bibi akiangalia ile rangi. Mkono wake ukaenda kwenye fundo la mguu wake mwenyewe, pale furungu lilipokaa siku ya arusi yake, akapashika. Aliletewa shaka juu ya mama yake mzazi, akiwa na umri ule, uani kwake, mbele ya wageni. Na aliyeileta ni mimi.

Halafu Bibi akainua kichwa.

"Si shaba," akasema. "Ni fedha. Imeona haya."

Mtu akachekea puani. Halafu wa pili. Halafu wote! Sijui kama mmewahi kusikia wanawake kumi na sita wakijaribu kuzuia kicheko siku ya arusi. Shangazi wa masinia alilazimika kukaa chini.

Bi Zuhura hakucheka. Alilirudisha furungu kwenye beseni kama mtu anayerudisha samaki asiyemwamini. "Mwanangu havai shaba ya dele. Nitamvika dhahabu ya ndugu yangu, na watu wakiuliza, nitasema la kusema."

Hilo "la kusema" ndilo lililonichoma. Nalijua. Lingekuwa limefika Matondoni kabla ya alasiri, na Faza kabla ya magharibi.

Na hapo, ndugu zangu, aibu ikaisha ghafla ikaingia hasira. Kwa sababu nilikuwa nimeangalia lile bonge la waya na nikaelewa kila kitu. Kemia haikukosea! Kemia ilifanya kazi yake barabara, kama kitabu kinavyosema, bila mtu kuiomba! Ndimu iliitoa shaba kwenye dele ikaiyeyusha majini. Chuma kina haraka kuliko shaba. Kikiingia maji ya shaba, chuma kinaachia elektroni zake na kuingia majini, na shaba iliyokuwa majini inazichukua elektroni zile, inatoka, inaganda. Itaganda juu ya chuma, na itaganda juu ya chochote kinachogusana na chuma. Na nini kilikuwa kimegusana na chuma kwa zaidi ya saa nzima, kimefunikwa na sinia kama mgonjwa? Hilo ndilo swali la pili la mtihani wangu. Mimi ndiye ninayelitunga!

Nikapiga magoti. Hapana, sikupiga magoti kwa kuomba radhi. Nilipiga magoti kulitoa lile bonge la waya na kulitupa. Kisha nikasimama.

"Bi Zuhura, chini ni fedha. Shaba iko juu, ni utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Nipe mpaka adhana ya adhuhuri nitaiondoa mbele yako. Ikibaki nyekundu, mvishe mwanao dhahabu, na useme unachotaka, uanze na jina langu."

"Mpaka adhana," akasema, akavuta kiti. Alikaa kabisa! Akaomba na kahawa nyingine.

Nikatoka mbio. Vichochoro vya Langoni mnavijua. Punda wawili wamebeba mawe ya kujengea wamesimama pua kwa pua, hakuna anayetaka kurudi nyuma. Nikapita katikati yao. Buibui sikuwa nimelifunga, mtandio una pini upande mmoja tu, mkono mmoja una hina mbichi ya tangu jana ninayojivunia. Mtu akaniita, "Mwalimu, kuna nini?" Nikasema, "Fedha!" (Nimeambiwa sasa hivi kwamba inasemekana nimeibiwa. Sikuibiwa. Acheni.)

Duka la dawa ni la Shee. Shee alikuwa mwanafunzi wangu, miaka mingi iliyopita. Sasa ana ndevu na koti jeupe.

"Shee, nipe haidrojeni peroksaidi. Ile ya vidonda, inayotoa povu. Chupa sita."

"Sita? Mwalimu, umeumia wapi?"

"Heshima."

"Dawa yake hatuna," akasema, lakini akaanza kuzipanga mezani. Moja. Mbili. Akasimama. "Lakini ya nini hasa?"

Sikuwa na muda wa kudanganya. Nikamwambia: dele, ndimu, waya, mafurungu, mekundu. Kadiri nilivyosema ndivyo uso wake ulivyofunguka. Nilipomaliza akaweka viganja vyote viwili juu ya chupa zangu.

"Mwalimu, wakumbuka mtihani wetu wa mwisho wa muhula? Swali la pili. 'Eleza kwa nini chuma hakifai kutiwa kwenye maji yenye shaba pamoja na pambo la fedha.'"

"Shee, nina haraka."

"Niliandika, 'Bibi yangu husema haifai, fedha huona haya.' Ukanipa sifuri. Ukalisomea darasa zima jibu langu."

Nilikumbuka. Mungu nisamehe, nilikumbuka mpaka sauti niliyolisomea.

"Wataka nini?"

"Alama yangu."

Akanisogezea karatasi na kalamu. Saa tano na robo, arusi nyumbani, Bi Zuhura ananywa kahawa yetu, na mimi nasahihisha mtihani! Nikaandika: nusu.

"Nusu?"

"Jibu ni sahihi, sababu hukutoa. Nusu, Shee, na hata ukinifungia humu ndani haizidi nusu." Msimamo ni msimamo. Akacheka, akanipa chupa zote, na karatasi akaibandika ukutani nyuma yake. Iko pale. Nendeni mkaione.

Nikarudi. Punda bado pale pale.

Uani hakuna aliyeondoka. Wamezidi! Nikachukua bakuli kubwa la kioo la faluda ili waone vizuri. Ndimu mpya nikaziiba kwenye achari, na mara hii bila chumvi, maana chumvi na peroksaidi zingeidhuru fedha. Nikamimina chupa zote sita. Nikainama kuyatia mafurungu, na Bibi akaruka. Bibi wa miaka themanini na ushei akaruka kutoka kwenye kiti cha kamba!

"Pini!"

Alinichomoa pini kwenye mtandio kabla haijadondoka bakulini. Ilikuwa imelegea, ya chuma, inaning'inia juu ya maji. Mtandio ukaniporomoka. Nywele zangu, ambazo nilikuwa nimezifunga kwa soksi ili zijikunje vizuri kwa ajili ya jioni, zikaonekana na mkwe wa ndugu yangu, soksi na vyote. Kicheko kikaanza upya.

Nikayatia mafurungu hivyo hivyo, na soksi kichwani.

Mwanzoni hakuna kitu. Vipovu kidogo. Nikasikia Bi Zuhura akishusha kikombe. Nikaanza kuomba dua zote ninazozijua, hata ya kuingia safarini. Halafu maji yakabadilika. Kwa mbali, pembezoni mwa fedha, rangi ikaanza kutoka kama moshi. Bluu ya kijani! Nyekundu ikafifia ukingoni, ikafifia kwenye nakshi, ikabanduka. Na chini yake, nyeupe.

"Tazama!" Nilipiga kelele, sikatai. "Shaba ile imerudi majini! Ndiyo hiyo bluu! Kama mafurungu yangekuwa shaba, yangebaki mekundu hata niyaoshe mpaka Idi!"

Watu wakasogea mpaka nikakosa pumzi. Nikachovya mikono nikayageuza, upande wa pili nao ukatakata. Nikayatoa, nikayaosha kwa maji safi, nikayafuta kwa kitambaa laini (kitambaa cha Bibi, alikuwa ameshakiweka mapajani mwake ananingoja). Nikampa Bi Zuhura moja.

Akalitazama. Akalifuta. Akalipima kwa kiganja. Kisha, mbele ya watu wote, akaling'ata.

"Ni fedha," akasema. Akatembea mpaka kwa Bibi, akamshika mkono, akaubusu. "Nisamehe, Bibi. Mato yangu yamekosa adabu. Mwanangu atavaa haya, na dhahabu ya ndugu yangu itangoja siku nyingine."

Bibi akamwambia hakuna neno. Mkono wake ulikuwa umetoka kwenye fundo la mguu. Hapo adhana ikalia.

Nilidhani tumemaliza. Nikainua mikono kushukuru, na wote wakanitazama vidole. Vimekuwa vyeupe! Peroksaidi ikikaa kwenye ngozi hufanya hivyo, hupita yenyewe, si ugonjwa, nilijaribu kueleza lakini hakuna aliyetaka somo la tatu. Na hina yangu imefifia vipande vipande. Mkono mmoja umekuwa kama ukuta uliovuliwa chokaa. Bi Zuhura akanifunga mikono kwa leso yake mwenyewe, akasema, "Mwalimu, yeo usimshike bi arusi." Hakuna aliyejitahidi kuzuia kicheko mara hii.

Walipoondoka na mafurungu, Bibi akaniita nikae karibu yake.

"Sasa nambie. Yalikuwaje?"

Nikamwambia. Ndimu, shaba, chuma, elektroni, nani anampa nani. Alisikiliza yote. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipofika mwisho akatikisa kichwa.

"Ni yayo kwa yayo niliyokwambia. Yako ni marefu tu."

Nikamwambia Bibi, si yayo. Maji ya shaba peke yake hayadhuru fedha, ni lazima chuma kiwepo. Kwa hiyo kanuni yake moja imezidi na moja imetimia. Ni nusu. (Hili la nusu nilisema kimoyomoyo, bado naipenda roho yangu.)

"Haya, mwalimu," akasema, akanirudishia pini yangu.

Hivi ninavyoandika, bi arusi yuko juu, amekaa, na miguu yake inang'aa mpaka mlangoni. Wanawake wakimaliza kuitazama wananigeukia mimi niliyejificha nyuma na mikono yangu ndani ya leso, wananong'ona, wanashikana mabega. Najua wanachosema. Picha ya "baada" hiyo hapo juu, nimeituma, mafurungu ya Bibi meupe kwenye miguu ya mke wa Lali. Kidole cheupe kinachoonekana pembeni ni changu.

Jumatatu naingia darasani na beseni, dele na bonge la waya, na swali la pili linabaki pale pale. Chekeni mpaka mchoke. Iliyoona haya leo ni fedha, mimi bado.